Kabla Hujaitazama Filamu ya Tamasha la Zaire 74

Mpenzi wa rumba ya Kongo anayepanga kuitazama Soul Power, filamu ya mwaka 2008 kuhusu Zaire 74, tamasha la muziki lililofanyika Kinshasa wakati Kongo ikiitwa Zaire, namshauri ajue kwanza kamera zilizoipiga zilipelekwa huko kwa ajili ya nini. Mimi niliitazama nikiwa na hamu ya kumwona mpiga gitaa Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, pamoja na mwimbaji Tabu Ley na bendi yake ya Afrisa, wakipiga mbele ya umati wa nyumbani kwao. Wote wamo, lakini kwa uchache unaosikitisha.

Tamasha lilifanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, katika Uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Waandaaji wake, Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Stewart Levine wa Marekani, walilipanga liandamane na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, na tamasha likaendelea bila wageni wengi waliotarajiwa kutoka nje. Vilipanda jukwaani vikundi 31, na 17 kati ya hivyo vilikuwa vya Zaire. Hesabu hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu mtazamaji asiyeijua atadhani kwamba Wazaire walikuwa wasindikizaji wa James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani, ambaye ndiye anayeifungua filamu na kuifunga.

Siku tatu za muziki haziwezi kuenea katika dakika zipatazo 93, hilo nalikubali, ila rumba ndiyo inayoumizwa zaidi na mkasi. Wimbo wa Kongo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake na wenzake wakimwitikia, kisha hufunguka sebene, ambapo magitaa yanashika usukani, ngoma zinachangamka, na wachezaji waliokuwa wakisubiri wanaingia uwanjani. Ukimpa Franco dakika chache tu, umeonyesha sura yake na kuiacha kazi yake.

Sababu ya uchache huo iko katika historia ya picha zenyewe. Fedha za tamasha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia, migogoro ya fedha na haki za umiliki ikazifungia kanda za picha kwa miaka mingi, na zilipopata njia, filamu ya When We Were Kings ya mwaka 1996 ilizitumia hasa kusimulia ngumi. Soul Power iliundwa baadaye kutokana na yaliyobaki. Kwa hiyo, kabla hujalipia filamu yoyote ya tamasha la zamani, uliza nani aligharimia upigaji picha na alitaka kumuuzia nani, kisha linganisha urefu wa filamu na wingi wa wanamuziki waliopanda jukwaani.

Jambo jingine ni kwamba Soul Power haina msimulizi, wala mahojiano ya miaka ya baadaye. Wengine huusifu uamuzi huo, nami naona umetunyima mengi. Celia Cruz, mwimbaji mzaliwa wa Kuba, anapoimba na Fania All-Stars, bendi ya salsa ya New York, hakuna anayemweleza kijana wa leo kwamba santuri za Kuba zilikuwa zimesikilizwa Kongo tangu kabla ya uhuru, na kwamba rumba ya wenyeji ilikulia humo, hata umati ule ukawa unasikia muziki wa ndugu zake. Somo hilo jifunze mapema, kwa sababu bila hilo sehemu nzuri kuliko zote itakupita.

Anza na sauti. Mwaka 2017 ilitoka albamu ya Zaire 74: The African Artists, yenye rekodi za Franco, Tabu Ley, mwimbaji Abeti, bendi ya Stukas na Miriam Makeba wa Afrika Kusini kutoka jukwaa lile lile. Isikilize yote kwa spika inayotoa besi vizuri, ikiwezekana pamoja na mzee aliyecheza dansi miaka ile, umwache akueleze anachokisikia.

Baada ya hapo itazame filamu kwa yale inayoyaweza: Mmarekani Bill Withers akiimba ameketi na gitaa lake, Makeba akilitawala jukwaa, wanamuziki wakipiga na kuimba ndani ya ndege kuelekea Kinshasa. Hayo imeyahifadhi vizuri, nami huyarudia. Ninapomtaka Franco, narudi kwenye albamu.