Je, anayeacha pombe kidogo kidogo amekwisha kutubu?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni fundi wa magari hapa Moshi, nina miaka 41, na ninakunywa tangu ujana. Mwanzo ilikuwa mbege kwa wajomba zangu wa Kibosho, ambao si Waislamu, ikafuata bia, na sasa ni pombe kali kila siku. Asubuhi nisipozimua, mikono hutetemeka hata spana namba kumi siwezi kuishika. Ramadhani iliyopita niliacha yote kwa mara moja kwa nia ya kutubu. Siku ya pili nikaanguka gereji huku nikitoka povu, wenzangu wakasema ni majini. Niliogopa, nikarudia. Sasa nataka kuacha kwa kupunguza. Je, anayepunguza ametubu, au anajidanganya? Niendelee kuswali, au nisubiri mpaka nitakate? Na nifanyeje na ile saa ya kufunga kazi, pamoja na mwaliko wa wajomba mwezi wa Desemba?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu yangu, naanza na kule kuanguka, kwa kuwa hukumu ya swali lako imekaa hapo. Sisi tunaamini kwamba majini wapo, lakini si kila anayeanguka amepandwa, na mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka kisha akaikata ghafla ana sababu ya kuanguka iliyo wazi kuliko hiyo. Wewe ni fundi, utanielewa kwa mfano huu: gari linaloendeshwa muda mrefu huku breki ya mkono imevutwa humlazimisha dereva kukanyaga mafuta kwa nguvu, na siku breki hiyo ikiachiwa ghafla, gari huruka. Pombe huuzubaisha ubongo, nao ubongo hujizoeza kukaza mwendo ili kushindana nayo. Pombe ikiondoka kwa siku moja, ule mwendo hubaki bila kizuizi. Kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, mishtuko ya mwili mfano wa kifafa huja aghalabu katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wako wanaochanganyikiwa na kuona wadudu na watu wasiokuwapo, hali ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Huko kuzimua kwako kwa asubuhi ndiyo dalili kwamba mwili umekwisha kufungwa. Tena aliyekwisha kuanguka mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi akirudia njia ile ile.

Kwa hiyo hukukosea kuogopa. Ulipokosea ni kuirudia chupa badala ya kwenda hospitali.

Sasa hukumu. Ulevi ni haramu kwa andiko lisilo na utata, Sura ya Al-Maida aya ya 90 na 91, na Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema kwamba kila chenye kulevya ni haramu, na kwamba kinacholevya kwa wingi wake basi hata uchache wake ni haramu. Wako wanaosema kwamba hata Mwenyezi Mungu aliiharamisha kwa hatua, kwa hiyo na wao wanapita hatua hizo hizo. Hoja hii haisimami. Hatua zile zilikuwa za kushuka kwa sheria, na sheria imekamilika. Anayeishi leo amezaliwa baada ya aya ya mwisho. Ambaye mwili wake haujafungwa na pombe, anayekunywa kwa sababu ya marafiki na mazoea, hana ruhusa ya kupanga bia tano wiki hii na tatu wiki ijayo akaliita jambo hilo toba. Masharti ya toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, na huyu sharti la kwanza hajalitimiza. Kupunguza kwake ni bora kuliko kuzidisha, hilo sikatai, lakini kila kikombe kimeandikwa.

Wewe si mtu huyo. Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea kula afyuni hata ikawa asipoila ataangamia. Akajibu kwamba ikijulikana hivyo kwa yakini, ni halali kwake kuila, bali ni wajibu ili aokoe roho yake, kama mzoga ulivyo kwa aliyedharurika. Lakini ni wajibu pia aipunguze kidogo kidogo mpaka tumbo liache kuitaka, na akiacha kupunguza huyo ni mwenye dhambi na fasiki. Ibn Abidin wa Damascus, wa madhehebu ya Hanafi, aliyanukuu maneno haya baadaye. Tazama mizani yake: kupunguza hapa si hisani anayopewa mlevi, ni deni analodaiwa, na deni lina mwisho.

Nakutanabahisha, hata hivyo, kwamba Imam aliulizwa juu ya afyuni. Pombe imetajwa kwa jina ndani ya Kitabu, na Mtume alipoulizwa juu ya kuitengeneza kwa ajili ya dawa alisema kwamba si dawa, bali ni ugonjwa. Kwa sababu hiyo mlango wa darura, yaani kulazimika ili kuokoa roho, kwenye pombe ni mwembamba zaidi, na kikipatikana kitu kingine kinachofanya kazi ile ile, mlango huo hufungwa. Na kitu hicho kipo. Madaktari hutoa vidonge vinavyoutuliza ubongo mahali pa pombe, wakavipunguza siku baada ya siku kwa muda mfupi, pamoja na vitamini B1 ambayo miili ya wanywaji huishiwa. Kupunguza kunakokufaa wewe ndiko huko: kupunguza vidonge mkononi mwa daktari, siyo kupunguza vikombe mkononi mwako mwenyewe. Moshi hatuna udhuru, maana hospitali ya Mawenzi ipo na ya KCMC ipo. Nenda wiki hii, ufuatane na mkeo au ndugu yako, na umweleze daktari kiasi chote unachokunywa bila kukifupisha kwa haya, na kwamba uliwahi kuanguka. Pengine atataka ulazwe. Usikatae. Siku chache zilizobaki kabla ya kuonana naye usiikate ghafla ukiwa peke yako. Kile kiasi kinachozuia hatari tu ndicho kilichomo ndani ya darura, na tone la kuburudisha halimo. Aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara imeweka sharti la aliyedharurika kwamba asiwe mwenye kutamani wala kuvuka mpaka.

Ukishika njia hiyo kwa azma ya kutorudi, umo ndani ya toba tangu siku ulipoazimia. Na ikiwa matibabu yataangukia Ramadhani, daktari akakuzuia kufunga, wewe ni mgonjwa. Utalipa siku hizo baadaye.

Ama swala, nakusihi usisubiri kutakata. Kilichokatazwa katika Sura ya An-Nisaa aya ya 43 ni kuikaribia swala ukiwa umelewa mpaka ujue unachosema, na akili ikirejea swala ni wajibu juu yako palepale, na iliyokupita utailipa. Ile hadithi kwamba mnywaji haikubaliwi swala yake siku 40 wengi huielewa vibaya, wakaacha kuswali kabisa. Wanazuoni wameifafanua kwamba anakosa thawabu, lakini faradhi inabaki shingoni na akiiacha anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Kuna jambo katika aya hiyo ya An-Nisaa ambalo naliona ni hazina kwa mtu wa hali yako. Ilipoteremka, kabla ya katazo la mwisho, waliokuwa wakinywa walijikuta hawana nafasi mchana kutwa, kwa sababu kutoka adhuhuri hadi isha swala zinakaribiana kiasi kwamba aliyekunywa hawezi kulevuka kabla ya adhana inayofuata. Hakuna aliyewahesabia vikombe, walinyang'anywa saa. Sheria haiturudishi hapo, lakini tiba inaweza kujifunza hapo. Wewe saa yako ni ya kufunga gereji. Najua inavyokuwa: unanawa mikono kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, jua linashuka, posho imo mfukoni, njaa imebana kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa chai na maandazi mawili, moshi wa nyama choma unavuka barabara, na mwenzako anakwambia, "Twende tukapoze koo." Hapo watano wamekushika kwa pamoja, nawe unadhani unapigana na mmoja. Basi uwaachanishe. Kula wali au ugali kamili saa kumi, maana njaa hujivika sura ya kiu ya pombe. Posho iende kwenye simu ya mama watoto kabla hujavua ovaroli. Badilisha barabara, hata kama ni ya mzunguko. Yule aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, alipotaka kutubu aliambiwa aihame ardhi yake aende kwa watu wema, nawe hujaambiwa uhame mji, umeambiwa ukwepe mtaa. Kisha ingia msikitini kwa magharibi na usitoke mpaka isha. Hapa kwetu muda huo ni kama saa moja na kidogo, na hamu ya pombe kwa kawaida hupanda, ikafika kileleni na kushuka ndani ya nusu saa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, alikuwa akija na chupa ya chai ya tangawizi, akiinywa barazani baada ya magharibi huku mikono yake yote miwili imeikumbatia bilauri. Vijana walimcheka kwa kupenda chai. Wengi hawakujua alikuwa anazuia nini.

Kuhusu wajomba, kuunga undugu ni wajibu hata kama si Waislamu. Nenda, lakini nenda asubuhi, na uondoke kabla vyungu havijafunuliwa, kwa sababu tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Usingoje kukataa kata ya mbege mbele ya ukoo mzima. Hilo humvunjia mzee heshima, na wewe hutaliweza. Mpigie mjomba wako mkubwa wiki mbili kabla, kwa faragha, umwambie kwamba uliugua, ulianguka, na daktari na dini vyote vimekuzuia. Wazee wa Kichagga nijuavyo mimi hukasirishwa na dharau, hawakasirishwi na mtu aliyewaeleza mapema. Wakikwambia mbege ni chakula, ndizi na ulezi tu, kumbuka kwamba Daylam al-Himyari alimwendea Mtume akamweleza kuwa wao wako nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na hutengeneza kinywaji cha ngano ili wapate nguvu na kuikinga baridi. Mtume alimuuliza jambo moja tu: je, kinalevya? Akasema ndiyo. Akaambiwa wajiepushe nacho. Baridi ya mlimani haikuanza kwetu. Togwa ambayo haijachacha hata ikalevya haina ubaya, ila kwa mwaka huu wa kwanza mimi ningekushauri uiache nayo, kwa kuwa ladha ya ulezi itakukumbusha mengi.

Na ukiteleza, rudi siku ileile, kwa daktari na kwa Mola wako. Palikuwa na Swahaba aliyeletwa mbele ya Mtume kwa ulevi mara nyingi, na mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akaapa kwamba anachokijua ni kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Limebaki dogo. Anas bin Malik alikuwa akiwanywesha watu pombe ya tende nyumbani kwa Abu Talha pale mpiga mbiu alipotangaza katazo. Abu Talha hakusema wamalize iliyomo; alimwambia Anas atoke akaimwage, ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Kama iko chupa uliyoificha chini ya spana kwenye sanduku lako, siku utakayoanza vidonge usimwachie mwenzako wala usiiuze ili urudishe fedha yako, kwani kuiuza nako ni haramu. Imwage mtaroni, na chupa uivunje.

Wallahu aalam.