Wanangu wanakimbia kilomita 90, nihofie nini?

SWALI: Binti yangu (31) na kaka yake (34) wamejiandikisha Comrades, zile mbio za Afrika Kusini. Safari hii wanateremka, Pietermaritzburg hadi Durban, kilomita 90 hivi. Marathoni za hapa Moshi nimezizoea, na mtaani najisifia wanangu mpaka majirani wamechoka kunisikiliza. Ila usiku naamka nawaza moyo na kuishiwa maji. Nitasafiri nao, na kila siku nawasisitiza wanywe maji mengi. Kuna lingine la kuwasaidia?
Mama wa Wawili, Moshi

JIBU: Jisifu tu, mama, ni haki yako. Mbio hizi zilipoanza 1921 walijitokeza watu 34, wakamaliza 16. Ila huo wimbo wa maji mengi uache leo hii.

Comrades maji hayana shida. Vituo viko njia nzima, na maji yamo kwenye vifuko vya plastiki. Mkimbiaji anang'ata kona, ananyonya, anatupa. Sasa mtu wa mwendo wa pole, aliye barabarani kwa muda wa saa 10 au 11, akinywa kila kituo kwa kuwa mama kasema, figo hazimudu. Mwili ulio kwenye taabu hubana mkojo, maji yanabaki ndani, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa, ubongo unavimba. Pete huanza kubana kidoleni, kisha kichefuchefu, kichwa kuuma, maneno kuchanganyika, mwisho degedege. Ukiona hivyo usimpe maji. Mfikishe kwenye hema la matibabu na useme amekunywa kiasi gani, maana hata dripu ya kawaida inaweza kumzidishia.

Wanywe wakisikia kiu, basi. Na kwenye mazoezi marefu wajipime uzito kabla na baada, mizani ileile, bila nguo zenye jasho. Mtu wa kilo 60 akirudi na 59 hana neno. Akirudi na 61, alikunywa kupita kiasi.

Halafu kagua mifuko yao, hata kama ni watu wazima. Ukikuta dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, toa. Mteremko wa Field's Hill unakuja wakati miguu imeshachoka, na misuli ya mapaja huchanika kidogo kidogo kwa kufunga breki. Mabaki yake huenda kwenye figo, na dawa hizo hupunguza damu inayofika hukohuko. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya mbio ni hospitali siku hiyohiyo, si kusubiri kesho.

Moyo: aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, amwone daktari wa moyo kabla ya kusafiri. Mwenye homa wiki ya mbio asikimbie, hata kama tiketi ya ndege imelipwa.

Akianguka akiwa ameshavuka mstari, mara nyingi ni presha imeshuka: vigimbi vilikuwa vinasukuma damu kurudi juu, vimesimama ghafla. Mlaze, inua miguu yake juu ya kiuno, atazinduka. Aliyeanguka njiani akiongea ovyo ni jambo jingine kabisa. Huenda joto la mwili limepita 40, na apoozwe kwa maji ya barafu hapohapo kabla ya kupakiwa gari lolote.

Jiandae na wewe pia. Zikitimia saa 12 tangu kuanza, mwenye bastola huupa mgongo mstari wa mwisho, asimwone anayekuja, anafyatua, na njia inafungwa. Aliyebakiza hatua tatu hapati medali. Huenda mmoja wa wanao akaipata na mwingine akaikosa, kwa hiyo beba makoti makavu mawili, si moja la kugawana, na maswali yasubiri mpaka wameshakula.