Ziwa Limefungwa, na Mimi Nikafungiwa

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sisi tunaokula kwa dagaa tukabaki kutazama vichanja vya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, vitupu, mbuzi wamejilalia chini yake. Nikahamia mawese. Ndani nilikuwa na madumu 11 ya lita 20, nimeyanunua kwa mkopo wa kikoba, na marejesho ni kila Jumamosi, ziwa liwe wazi au limefungwa.

Jioni moja ya Juni nikapiga picha dumu moja, nikaandika tangazo, nikalibandika mtandaoni kwenye makundi ya wauzaji na wanunuzi, moja baada ya jingine. Makundi 26, haikufika nusu saa. Nikaenda kusonga ugali. Niliporudi kushika simu, akaunti haipo.

Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: nimesimamishwa kwa kukiuka viwango vya jamii. Jamii ipi? Hapa mwaloni nikituhumiwa kwamba dagaa wangu wana mchanga, naitwa. Wanakuja wazee wawili watatu, wanamimina kisado kwenye ungo, wanapepeta mbele yangu, na mchanga ukidondoka kila mtu anauona, mimi wa kwanza. Nikishindwa nimeshindwa, ila nimejua kosa. Ule mtandao (siutaji, bado nafanyia biashara humo) haukunipepetea chochote.

Usiku ule nilifanya mambo matatu ya kijinga, nayaandika ili wewe usiyarudie.

Kwanza nilifungua akaunti nyingine kwa laini ya mwanangu, kwenye simu ileile. Asubuhi nayo imefungwa. Sasa nikawa na kesi mbili, na hii ya pili ni ya haki kabisa, kwa sababu aliyefungiwa akirudi kwa mlango wa uani anahesabika mkorofi hata kama mwanzoni alionewa. Pili niliandika rufaa nikiwa na hasira, nikawaita wezi wanaotuonea watu wa chini. Jibu la kukataliwa lilikuja kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuna binadamu aliyesoma pale. La tatu ndilo linaniuma. Kijana mmoja aliniandikia kwamba anarudisha akaunti kwa shilingi 50,000, nitangulize 20,000. Nikatanguliza. Halafu akataka nimtumie tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu yangu. Shemeji yangu alikuwa kakaa pembeni, akaninyang'anya simu. Zile tarakimu ndizo ufunguo wenyewe. Ningezituma, ningepoteza hata akaunti zangu nyingine. Elfu 20 yangu ilikwenda na maji ya Malagarasi.

Kilichonisaidia ni kukaa chini na kujiuliza mtambo wa ule mtandao, unaokagua posti badala ya mtu, uliona nini. Mtambo hauoni mama wa kikoba. Unaona picha moja na maneno yaleyale yakitua sehemu 26 ndani ya dakika 30, na hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya kazi. Sikuwa tapeli, lakini nyayo zangu zilifanana na zao. Inawezekana pia kuna jirani wa biashara aliyeniripoti. Wapo, na siku hizi kuripoti ni kubonyeza tu. Na kama umenunua laini iliyowahi kuwa ya mtu mwingine, ujue namba zinazokaa bila kutumika hugawiwa upya, kwa hiyo unaweza kurithi madhambi ya usiyemjua.

Rufaa ya pili niliiandika hivi, neno kwa neno:

"Mimi ni muuza dagaa na mawese, Kigoma, Tanzania. Tarehe 12 Juni 2024 niliweka tangazo moja katika makundi 26 kwa muda mfupi. Sikujua kwamba huhesabiwa kuwa usumbufu. Sijauza kitu kilichokatazwa. Naomba mnioneshe posti yenye kosa na mtu aipitie."

Chini yake mpwa wangu mwalimu akaweka maneno hayohayo kwa Kiingereza, maana hujui aliyeko upande wa pili yuko nchi gani. Nikaambatisha picha ya ule ujumbe wa kufungiwa, niliyoipiga usiku uleule. Hiyo picha ipige mapema, kabla hujabonyeza kitu kingine, kwa sababu ujumbe ukishatoweka huna cha kuonesha. Kitambulisho cha NIDA nilikituma ndani ya programu yenyewe, walipokiomba. Anayekuomba kitambulisho kwa ujumbe wa pembeni ni mwenzake yule kijana wa elfu 20.

Binamu yangu anayeishi Ubelgiji alifungiwa mwaka huohuo. Yeye aliambiwa posti gani, kanuni gani, na kama ni mtambo ulioamua. Si kwamba anapendwa zaidi. Umoja wa Ulaya una Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, na inailazimisha mitandao kutoa sababu, kupokea malalamiko bure kwa muda usiopungua miezi sita, na kutoyaachia mashine peke yake kuyaamua. Mteja yuleyule, mtandao uleule, tofauti ni ardhi aliyokanyaga. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayokupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na inayogusa pia maamuzi ya mashine. Si dawa ya kila kitu, lakini ukiandika malalamiko, itaje.

Siku ya 17 akaunti ilirudi. Hakuna samahani, hakuna maelezo.

Mawese nilikuwa nimeshayauza kwa tabu, maana namba za wateja wa Dodoma na Dar zilikuwa zimefungiwa humo pamoja nami. Leo nina kaunta buku. Kila mteja anaandikwa kwa kalamu: namba, mji, anachukua kisado ngapi. Wanangu wananicheka.

Halafu kuna jambo nililotaka kuliruka. Mimi mwenyewe ni admini wa kundi la wanunuzi, watu 200 na ushee. Miezi michache kabla ya haya yote nilimtoa kijana mmoja wa Ujiji aliyesema mbele ya wote kwamba dagaa wangu wana mchanga. Sikumwita, sikumwambia sababu, nilibonyeza tu, na nikalala usingizi mzuri. Sasa kundi lina maadmini watatu, na anayelalamikiwa haruhusiwi kuamua kesi yake. Mwingine ndiye anaamua, na sababu inaandikwa.

Yule kijana nilimpigia, nikamrudisha. Ziwa lilipofunguliwa Agosti akanunua visado viwili, na wiki haijaisha akaandika tena kundini: mama, mchanga upo. Nikamimina kwenye ungo. Upo. Wavu wa kichanja kimoja ulikuwa umetoboka, na msichana wangu alikuwa akizoa na dagaa waliodondokea chini.