Sukari ina bondi, bunduki je?

SWALI: Mzee, salaam aleikum. Nasikia redioni kwamba nchi za Ulaya haziuzi silaha nje mpaka serikali zao zitoe leseni. Jirani zangu wakimbizi wa Sudan Kusini wananiuliza: zile zilizowakimbiza kwao zilipitaje? Nani hukagua? – Mwalimu, Arua

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Kabla ya kushika kalamu nilikuwa wakala wa forodha pale Malaba, kwa hiyo nitaanza na sukari, uniwie radhi.

Sukari ya Juba ikipita Uganda hailipi ushuru wetu, ila inawekewa bondi, yaani dhamana ya kulipa ushuru huo mzigo usipovuka. Kontena linapigwa sili, na bondi haifutwi mpaka forodha ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, ithibitishe kwamba mzigo umevuka. Kuna tajiri alinipitishia wake. Kufika Elegu, sili nzima, namba zinalingana. Mkaguzi, dada mmoja mwembamba, akagonga ubavu wa kontena kwa funguo: likalia kama debe tupu. Walikuwa wamefungua bawaba za mlango, sukari wakaishusha njiani. Aliyesaini bondi ni mimi, na deni nililimaliza kwa kuuza kiwanja.

Silaha nazo zina karatasi yao, cheti cha mtumiaji wa mwisho. Serikali inayonunua inaahidi kuwa mali ni ya jeshi lake na haitaipeleka kwingine bila ruhusa. Kwa ahadi hiyo nchi ya muuzaji hutoa leseni. Umoja wa Ulaya una vigezo vinane vinavyozibana nchi wanachama kisheria tangu 2008, na cha saba kinataka kupima hatari ya silaha kuchepushwa. Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Conflict Armament Research, shirika linalofuatilia silaha za vitani zilikotoka, walieleza jinsi silaha zilizouzwa kihalali kwa Uganda kutoka nchi kama Bulgaria na Romania zilivyoishia kwa jeshi la Sudan Kusini. Vyeti vilitoka hapa hapa kwetu. Ulaya ilikwisha kupiga marufuku kuiuzia Sudan Kusini silaha. Umoja wa Mataifa uliweka marufuku yake Julai 2018.

Kwa hiyo kabla ya leseni wakaguzi wapo, tena wasomi. Baada ya meli kuondoka, ni nchi chache zinazotuma mtu wa kugonga kontena. Marekani wanafanya ukaguzi wa namna hiyo tangu 1990. Uswisi ilizinduka 2012, pale guruneti ilizowauzia Falme za Kiarabu zilipoonekana Siria baada ya kupitia Yordani. Sasa inawataka wanunuzi wakubali wakaguzi wake waje kuhesabu. Na kwenye silaha aliyesaini cheti hauzi kiwanja. Mimi hili ndilo linaloniuma.

Waambie jirani zako kwamba bunduki ina namba iliyopigwa kwenye chuma, na risasi ina alama kwenye kitako cha ganda. Wale watafiti huanzia hapo: wanaisoma, wanaiandikia nchi iliyoitengeneza kuuliza iliuziwa nani, na hapo ndipo cheti hutolewa kabatini.