Maswali na Majibu: Kasi ya Risasi Zangu Imekwenda Wapi?

Msimu wa kuwinda kulungu umefika huku Marekani na Kanada, na wasomaji mnaojaza risasi wenyewe, yaani mnaotia praima (kiwashio cha kitakoni), baruti na kichwa kwenye ganda, mmeniandikia kwa wingi kuhusu jambo moja: kasi imeshuka bila sababu ya kuonekana. Nawajibu mmoja mmoja. Kasi nazitaja kwa futi kwa sekunde, maana ndivyo vitabu na vipimo vya huku vinavyosema. Ila kwanza, yeyote aliyekwisha kushika kopo la baruti ili aongeze kidogo kufidia pengo, alirudishe kabatini. Hujui bado kilichobadilika.

*Shikamoo mzee. Nina bunduki ya .308 Winchester. Mwezi wa saba risasi zangu zilikwenda 2,700, juzi zile zile zimesoma 2,620. Baruti ile ile, praima zile zile, kila kitu kile kile. — Msomaji, Minnesota*

Marahaba. Kila kitu kile kile isipokuwa hewa. Mwezi wa saba kwenu huenda ilikuwa nyuzi 29 za Selsiasi, na juzi labda 7 chini ya sifuri. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 36, na futi 80 ukizigawa hapo unapata zaidi kidogo ya futi 2 kwa kila nyuzi. Kwa baruti ya kawaida hilo si ajabu hata kidogo. Baruti ikiwa baridi huungua polepole, msukumo hupungua, na kasi hufuata.

Zipo baruti zilizotengenezwa zisiyumbishwe sana na joto, kama Varget na H4350 za kampuni ya Hodgdon, ambazo kwa kweli hutengenezwa Australia. Hata hizo huyumba, ila kidogo. Ukiamua kuhamia huko, anza upya na kitabu cha kujazia, usihamishe kipimo cha baruti ya zamani.

Na hapa ndipo ninapomshangaa mtu anayeongeza baruti mwezi wa kumi na moja ili apate namba zake za kiangazi. Risasi zikibaki zitapigwa mwezi wa saba, pengine zikiwa zimeshinda ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kiwango cha juu cha msukumo kwa .308 kilichowekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000. Risasi iliyofikishwa ukingoni wakati wa theluji itavuka ukingo huo wakati wa jua. Tena unachofidia ni nini? Kwa bunduki iliyolengeshwa kwa yadi 100, futi 80 hizo zitashusha risasi yako kama sentimita moja tu zaidi ukipiga kwa yadi 200. Kulungu hataona tofauti.

Jambo moja zaidi: safisha mafuta mazito ndani ya bolti, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi mtutuni. Kwenye baridi kali yanaganda, pini inagonga praima kwa ulegevu, nayo haiwaki sawasawa.

*Kitabu kinaniahidi 2,900, mimi napata 2,790. Nimeibiwa? — Msomaji, Ohio*

Hujaibiwa. Fungua tena ukurasa ule uangalie urefu wa mtutu waliojaribia. Mara nyingi ni inchi 24 au 26, na wewe umeniambia wako ni inchi 20. Kila inchi moja hubeba futi 20 hadi 30 hivi, kutegemea risasi. Fanya hesabu utaona pengo lako limekwisha lote.

*Mzee, kipimo changu cha kasi ni kile cha macho mawili kinachosoma kivuli cha risasi. Asubuhi kilisema 2,850, saa nane mchana kikasema 2,770. Rafiki yangu ana cha rada, chake hakikubadilika. — Msomaji, Alberta*

Basi bunduki haina kosa. Vipimo vya macho husoma mwanga, na mwanga wa asubuhi si wa saa nane. Jua likipiga jicho moja na kuacha jingine, saa ya ndani huanza au kusimama mahali pasipo pake. Angalia pia kama kimekaa sambamba na njia ya risasi. Kikiinama, risasi inasafiri umbali mrefu kidogo kati ya macho mawili, na kifaa, ambacho hakijui hilo, kinaandika kasi ndogo. Badilisha betri.

Nenda uwanjani na boksi la risasi ndogo za .22 za dukani, zile zile kila mara. Piga kumi kabla ya kuanza kupima za kwako na uandike wastani. Siku .22 zikisoma chini kuliko kawaida na hali ya hewa ni ile ile, usipoteze muda kuchunguza baruti. Na tafadhali, msiniletee wastani wa risasi tatu. Tatu zinaweza kukudanganya kwa futi 30 bila jasho.

*Nimebadilisha maganda tu, nimenunua ya kampuni nyingine. Nimepoteza futi 60. — Msomaji, Texas*

Maganda hayo mapya yana kuta nyembamba, kwa hiyo nafasi ya ndani ni kubwa zaidi. Baruti kiasi kile kile ikiungua ndani ya chumba kikubwa zaidi, msukumo unakuwa mdogo. Unaweza kuthibitisha mezani. Chukua maganda matano ya kila aina yaliyopigwa kwenye bunduki yako, yasirekebishwe umbo, na praima zilizokufa zibaki humo. Pima uzito wa kila moja likiwa tupu, lijaze maji mpaka usawa wa mdomo, pima tena. Tofauti ya hapo ndiyo nafasi ya ndani.

Wewe ulikwenda upande wa salama. Anayetoka kwenye maganda membamba kwenda mazito, hasa ya kijeshi, anakutana na kinyume chake, na huyo lazima ashuke na kuanza chini.

*Tisa ziko sawa, ya kumi inashuka futi 300. Halafu nyingine ikarusha moto mkali na bolti ikawa ngumu kufungua. — Msomaji, Pennsylvania*

Ndugu yangu, acha kupiga hizo risasi. Barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote.

Umesema unatumia baruti ya vijiti virefu na kifaa cha kumimina kwa mkono. Vijiti hivyo hukwama kwenye shingo ya kimiminio vikafanya daraja. Ganda moja linapata nusu. Unapotikisa au kuvuta mkono mara ya pili, daraja linavunjika, na ganda linalofuata linapata yake pamoja na ya jirani. Kwa hiyo ile dhaifu na ile iliyokaza bolti huenda ni mtu na nduguye. Zivunje zote kwa nyundo ya kuvunjia risasi (kifaa maalumu cha kutolea kichwa, si nyundo ya kawaida), rudisha baruti kwenye kopo lake kama una hakika ni ya kopo hilo, na kuanzia sasa pima kila moja kwenye mizani. Kabla ya kuweka vichwa, simamisha maganda yote kwenye ubao na umulike tochi ndani. Kimo cha baruti kisicholingana kinaonekana kwa jicho.

Iwapo ingekuwa dhaifu peke yake, bila ile kali, ningekuuliza mengine: Unaosha maganda kwa maji? Yamekauka kweli, mpaka ndani ya tundu la praima? Mafuta ya kurekebishia umbo umeyafuta? Praima imezama mpaka mwisho? Springi ya pini ina umri gani?

Na risasi yoyote ikitoa sauti ya *pf* badala ya mlio wake, usipige nyingine. Toa zote, toa bolti, chungulia mtutu mpaka uone mwanga upande wa pili. Kichwa kilichokwama humo kikifuatwa na kingine, mtutu unapasuka.

*Mimi niko Arusha. Naweza kuanza kujaza zangu nyumbani? — Msomaji, Tanzania*

Si kwa kujiamulia. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Kenya nao wana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mlango wao si mpana zaidi. Marekani mtu anaweza kujaza kwa matumizi yake bila leseni ya serikali kuu. Akitaka kuuza ndipo anahitaji leseni. Ila walioko huko kwa viza ya muda wajue kwamba kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa wawe na msamaha wa kisheria kama leseni halali ya kuwinda.

*Kopo jipya la baruti, jina lile lile, kasi imeshuka futi 40. — Msomaji, Ontario*

Soma namba ya bechi, yaani fungu la utengenezaji, kwenye kopo. Bechi hutofautiana, na kiwanda kinajua hivyo. Shuka, panda tena taratibu ukifuata kitabu. Lile kopo la zamani usilichanganye na jipya. Ukilifungua ukakuta vumbi jekundu au harufu kali ya asidi, imeharibika, iondoe nyumbani.

*Bunduki yangu ya miaka mingi inapungua kidogo kidogo kila mwaka, na shabaha nayo inatawanyika. — Msomaji, Colorado*

Koo la mtutu limelika. Moto wa baruti hula chuma pale mifereji ya kuzungusha risasi inapoanzia, na risasi zenye ganda kubwa na tundu dogo hula haraka zaidi. Fundi mwenye kamera ya kuingiza mtutuni atakuonyesha kwa dakika tano. Ukiweka mtutu mpya, usikimbilie kuandika kasi yake siku ya kwanza: mingi huongezeka kasi katika risasi mia au mia mbili za mwanzo, kisha ndiyo hutulia.