Tembeeni kwanza, mchoro uje baadaye

Swali la wiki lilikuwa: "Manispaa inapopanga bustani za umma na njia za miguu, wananchi washirikishwe vipi ili isiwe jina tu?" Jibu langu ni kwamba washirikishwe kabla mchoro haujachorwa, wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe, na mwishoni warudishiwe jibu la maandishi. Mkutano wa hadhara una nafasi yake, lakini ukiachwa peke yake ndio njia dhaifu kuliko zote. Anayefika ni mwenye nafasi siku hiyo, anayesema ni aliyezoea kusema, na mchoro uliobandikwa ukutani umekwisha kuamua makubwa: njia ianzie wapi, ipite kwa nani, nani aondoke. Kinachobaki kujadiliwa ni rangi ya mabenchi.

Natumia Kigoma-Ujiji kama mfano kwa sababu ardhi ya hapa haivumilii mchoro wa mezani. Mji unateremka kutoka Mwanga kwenda stesheni na bandarini, makorongo yanaikata mitaa, Katubuka maji yanatuama, na magharibi kuna Ziwa Tanganyika lisilokaa kimo kimoja.

Kazi inaanzia ofisini. Kabla ya kumwita mtu yeyote, serikali ya mtaa iombe kwa afisa mipango miji nakala ya mchoro wa eneo, kisha wajumbe waende na mpima ardhi kuyatafuta mawe ya mipaka. Mara nyingi kwenye karatasi panaitwa eneo la wazi, huku chini pana mihogo, kibanda cha fundi baiskeli, uwanja wa mpira wa watoto na njia tatu za mkato. Kila matumizi yaandikwe, pamoja na saa yanapofanyika. Asiandikwe mtu kwa nia ya kufukuzwa: mwenye mihogo akisikia habari kwa mara ya kwanza siku ya kufyeka, mradi utakwama kwenye malalamiko, na hapo hata waliokuwa wanautaka watasimama upande wake.

Katika hatua hiyo hiyo wananchi waambiwe wazi yale yasiyo na mjadala. Njia ikikatiza hifadhi ya barabara za mjini, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahusishwe. Ikigusa hifadhi ya reli, ni shirika la reli. Ikienda kando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Kumuuliza mtu jambo ambalo sheria imeshalifunga ni kumvunja moyo asirudi tena.

Kisha ihesabiwe miguu. Hili linarukwa kila mahali, nalo ni rahisi kuliko yote. Vijana wawili wakae kwenye kila njia ya mkato na daftari lenye safu tano: mpita njia asiye na mzigo, mwenye mzigo kichwani, mwanafunzi, baiskeli au mkokoteni, bodaboda. Wahesabu dakika 15 ndani ya kila saa, kisha wazidishe kwa nne. Saa zinazotosha ni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, saa 6 hadi saa 8 mchana, na saa 10 hadi saa 1 jioni. Siku moja haitoshi. Ichukuliwe siku ya kazi shule zikiwa wazi, Jumamosi moja, na siku moja ya likizo. Watoto wa shule wakiondoka, picha ya njia hubadilika kabisa, na anayehesabu wakati wa likizo tu atapendekeza njia isipite karibu na shule hata kidogo. Hesabu hizi ndizo zitakazomsaidia mjumbe mnyonge kusimama mbele ya mtu mwenye sauti kubwa.

Baada ya hesabu ndipo watu watembee. Vikundi viwe vya watu sita hadi wanane, na visichanganywe mwanzoni: kina mama wanaobeba mizigo peke yao, watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili peke yao (na mwalimu wao), wazee peke yao, watu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu au fimbo peke yao. Mtoto huonyesha mahali pa kuchezea ambapo mtu mzima haoni kitu. Mama huonyesha kona anayoikwepa jua likizama. Anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu atasimama mahali ambapo wengine wote wamepita bila kugundua kuwa pana kizingiti cha sentimita 10. Kila kikundi kibebe futi kamba ya mita 30, simu ya kupigia picha na kuweka alama za mahali, na mpira wa maji wa kupimia usawa, ule wa mafundi waashi.

Huo mpira una kazi kubwa kwenye mji wa vilima. Shikilieni fito mbili zilizoachana mita 10, someni maji yamesimama wapi kwenye kila fito, na tofauti ndiyo mteremko: sentimita 50 ni asilimia 5, mita 1 ni asilimia 10. Asilimia 5 mzee anapanda bila kusimama na magurudumu yanapita. Kati ya 5 na 8 panahitaji sehemu tambarare za kupumzikia. Njia ya udongo ikizidi asilimia 10, mvua chache tu zinaigeuza mfereji, na mfereji ukiachwa unakuwa korongo. Kanuni ya watengeneza njia ni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inakopita; ukizidi, maji yanaacha kuikatiza njia na kuanza kuifuata. Pia uso wa njia uinamishwe kidogo upande wa bondeni, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yatoke mapema kabla hayajapata nguvu.

Hapa ndipo wataalamu na wakazi hugombana. Mtaalamu anachora njia ya kuzunguka, mkazi anaendelea kushuka moja kwa moja kwa sababu ndoo ya lita 20 kichwani haina subira. Wote wana haki. Chukueni ukingo wenye kimo cha mita 6. Kwa ngazi za mawe zenye kimo cha sentimita 15 na kina cha sentimita 30 mnahitaji ngazi 40, na pa kupumzikia kila baada ya ngazi kumi. Kwa njia ya kuzunguka yenye mteremko wa asilimia 10 mnahitaji mita 60, na kwa asilimia 5 mita 120. Jengeni vyote viwili: ngazi pale pale penye njia ya mkato, na ile ndefu kwa ajili ya mikokoteni, baiskeli na magoti yaliyochoka. Mkiacha ngazi, watu watapita kwenye miche yenu, na hakuna uzio utakaowazuia. Matembezi hayo yarudiwe mvua za kwanza zikianza, kwa sababu wakazi wanajua maji yanapita wapi lakini kiangazi ni vigumu kumwonyesha mgeni akaamini.

Mkutano sasa. Tarehe ipangwe kwa kalenda ya watu, si ya ofisi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Wakati wa giza wako majini, na asubuhi wake kwa waume wako mchangani Kibirizi au Katonga wakianika. Mbalamwezi ikiwa kali kazi inapungua, na hizo ndizo siku za kuwapata. Ujiji usiitishe mkutano Ijumaa saa 7 mchana. Mvua za kupandia zikianza, wenye mashamba msiwategemee. Mzee akianza kueleza jambo kwa Kiha, aachwe amalize, kisha mtu atafsiri. Akikatishwa ili aseme Kiswahili cha mkutano, atasema sentensi moja na kukaa.

Katika kuchagua, maharage yanashinda kunyoosha mikono. Kila mtu apewe punje tano, aziweke kwenye vikombe vilivyo chini ya picha za mapendekezo: kivuli, taa, choo, uwanja wa watoto, ngazi, mahali pa mama lishe. Wanawake wapewe maharage mekundu, wanaume ya njano, vijana wadogo mbaazi. Rangi zikihesabiwa mbalimbali mtaona wanawake wameweka taa na choo mbele na wanaume wameweka uwanja wa mpira, au kinyume chake. Zikihesabiwa kwa pamoja, wengi wa siku hiyo watawafunika wengine na hamtajua. Kila picha ionyeshe na gharama yake, kwa mfano choo kigharimu punje tatu na benchi punje moja, la sivyo mtapata orodha ya matamanio ambayo hakuna bajeti itakayoibeba.

Mkishapata pendekezo, lichoreni chini kwa majivu au chokaa, kwa ukubwa wake halisi. Ramani ya karatasi wengi hawaisomi, nao huona haya kusema. Lakini njia ya mita 1.5 ikichorwa chini, watu wawili wenye mizigo watapishana juu yake na kuona wenyewe kuwa inabana. Baiskeli zikiwa nyingi watadai mita 2.5, na watakuwa sahihi.

Ufukweni panahitaji uangalifu wa peke yake. Mchanga unaoonekana mtupu saa 9 alasiri ndio kiwanda cha watu saa 3 asubuhi. Kuondoa pa kuanikia dagaa ili pawe na nyasi na maua ni kuhamisha chakula cha kaya nyingi, na bustani hiyo itachukiwa kabla haijafunguliwa. Panaweza kugawanywa kwa saa na kwa vichanja: dagaa wakianikwa juu ya vichanja badala ya mchangani hukauka wakiwa safi zaidi, na pwani iliyobaki inapumua.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, maji yalikuwa karibu zaidi kuliko leo na mahali palipowekwa kumbukumbu ya kukutana kwao. Ziwa Tanganyika lilifikia kimo kikubwa mnamo 1878, kisha maji yakafungua njia yake kwa mto Lukuga upande wa Kongo na kushuka kwa mita kadhaa. Yakapanda tena miaka ya 1960, na tena kati ya 2020 na 2021. Kwa hiyo waulizwe wazee na wenye mitumbwi: maji yalifika mti gani, nyumba gani? Kila jibu lipigwe alama ya rangi kwenye mti au nguzo. Chini ya alama ya juu kabisa kuwe na vitu vinavyohamishika tu, yaani mabenchi ya mbao, vichanja, milingoti ya nyavu. Choo, ukuta na nguzo za taa vikae juu yake, na nje ya zile mita 60. Choo kikizama, uchafu wake unaingia kwenye maji ambayo watu wanaogea na kuchota.

Jambo moja linaniuma: mara nyingi watu huitwa kwenye msaragambo wa kuchimba mashimo, kisha ripoti ikaandika kuwa "jamii imeshirikishwa". Jembe bila neno si ushirikishwaji. Anayechimba shimo awe amekaa kwenye uamuzi wa mti upi na uwe wapi. Na kabla ya kupanda lolote, yapigwe mahesabu ya maji. Miche 200, kila mmoja lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, ni lita 8,000 kila wiki, na si kwa kiangazi kimoja bali viwili. Nani atachota, kutoka bomba lipi, bili ikienda kwa nani? Kama jibu halipo, pandeni miche 40 inayomudika, kila mmoja kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 lililojazwa udongo wa juu na samadi, wenye kizuizi cha fito dhidi ya mbuzi. Mwembe unatoa kivuli kizuri, Ujiji inajua hilo, ila usipandwe juu ya uwanja wa watoto wala kando ya vioo vya watu, kwa sababu msimu wa maembe ni msimu wa mawe. Mwarobaini unafaa pembezoni mwa njia. Mikaratusi isiwekwe karibu na visima.

Sehemu iliyobaki ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Ndani ya wiki mbili baada ya mkutano, afisa mipango miji na mtendaji wa mtaa wabandike karatasi ya safu tatu: wananchi walisema nini, kimekubaliwa au kimekataliwa, na kwa sababu gani. "Taa kumi ziliombwa; zitawekwa nne, kwenye kona zilizotajwa na kina mama, kwa kuwa fedha haitoshi zaidi." Sentensi kama hiyo mtu anaweza kuipinga, anaweza kuikubali, na atakuja tena. Ibandikwe ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani, na mwaloni mitumbwi inakofikia. Isomwe pia kwa sauti, maana si wote wanaosoma.

Wakati wa kuanza ni Agosti, ardhi ikiwa kavu. Hesabu na matembezi ya kwanza yaishe Septemba, ya pili yafanyike mvua zikianza, na karatasi ya majibu ifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri haijafunga makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi. Ikichelewa hapo, hata pendekezo lililokubaliwa na kila mtu litasubiri mwaka mzima, na diwani wenu hatakuwa na kifungu cha kulitetea.