Kabla hujapaka meno ya gia, angalia yanakufaje

Mkuu umeuliza kama ukiyawekea meno ya gia ile mipako migumu ndo giaboksi itaacha kula pinioni (ile gia ndogo inayoizungusha kubwa) kila mara. Inategemea meno yako yanakufa kifo gani, na hapo ndo wengi tunaliwa hela.

Mimi nilishapeleka pinioni ikapakwa titani naitraidi, ile rangi ya dhahabu, ikarudi inang'aa mpaka raha. Haikuchukua muda nafungua giaboksi nakuta oili ina vichembe vinametameta, na ubavu wa jino, chini ya katikati kuelekea shinani, umejaa vishimo, ukipitisha ukucha unakwama. Kumbe chuma cha gia kilichoongezewa kaboni kwenye ngozi kikishafanywa kigumu hua kinapashwa moto tena kidogo, nyuzi 150 hadi 200 hivi tu, ndo maana ngozi inabaki ngumu vile, sasa mpako ule kawaida unawekwa kwenye nyuzi 400 na kitu, kwahiyo ngozi ililegea humo humo kwenye tanuri. Mpako mgumu juu ya chuma kilicholegea ni kioo juu ya godoro. Tangu siku ile fundi wa mipako namuuliza joto kwanza, ugumu baadae.

Alafu mpako wenyewe ni maikroni 2 mpaka 5 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati mkazo mkubwa meno yakikandamizana unakua chini zaidi, ndani ya chuma, so nyufa zinazoanzia huko mpako hauzifikii. Jino linalokatika shinani ndo kabisa, hilo ni la mzigo, umbo la shina na chuma chenyewe.

Mpako unaposaidia kweli ni kwenye kukwaruzana kwa joto, pale oili inapozidiwa na meno yanashikana na kuchunana, hasa kuelekea nchani na shinani ambako yanateleza sana (katikati yanabingirika tu). Hapo mipako ya kaboni, ile inayowekwa kwenye nyuzi 200 au chini yake, inapunguza msuguano na joto linashuka, naikubali sana. Hata ule ukungu wa kijivu wa vishimo vidogo vidogo inaupunguza, ila jino lisuguliwe liwe nyororo kwanza maana mpako unafuata mabonde yaleyale yaliyopo.

Kwahiyo mkuu futa oili, piga picha ubavu wa jino karibu kabisa, ncha na shina vyote vionekane, uweke hapa tuone ni vishimo au mikwaruzo.